Sura ya 7: Ampea za Kutosha

Asubuhi za Juni na Julai, jua likiwa bado nyuma ya vilima vya Kigoma, mawese yaliyolala kwenye pipa huamka mazito. Chini ya pipa kuna tabaka la rangi ya chungwa lililoganda, na juu yake mafuta mekundu yanayotiririka kwa uvivu. Muuzaji wa rejareja katika soko la Mwanga hasumbuki: anaweka dumu juani, anahudumia wateja wa dagaa kwanza, mafuta yakilainika anaendelea. Mashine ya kujazia chupa haina subira hiyo. Ikiwashwa saa moja asubuhi itataka pampu izunguke kwa kasi ileile ya jana saa nane mchana, na mota itatoa nguvu zaidi kwa kazi ambayo kwa macho ni ileile.

Nguvu hiyo ya ziada inakuja kwa ampea. Mota ikilemewa, mkondo wa umeme unaopita kwenye koili zake unapanda. Ukipanda kidogo, chupa inajaa na kazi inaendelea. Ukipanda mno, kitu kinaungua au kinakatika. Katikati ya hayo mawili kuna namba ambayo fundi huiandika kwenye amplifaya ya servo, au huiweka kwa kuzungusha skrubu ndogo kwa bisibisi: kikomo cha mkondo. Wengi huisoma kwenye kibandiko cha amplifaya. Hapo ndipo mambo yanapoharibikia, kwa sababu kibandiko kinaeleza uwezo wa amplifaya tu. Hakijui lolote kuhusu mota, giaboksi, pampu wala mawese ya asubuhi. Kikomo kizuri huanzia kwenye kazi inayofanywa, kisha kinarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye amplifaya.

Chombo kisichokubali kushindwa

Mota ya kawaida ya mashine ya kusaga, ile inayounguruma kila mtaa, ina tabia ya kibinadamu kidogo. Ukiilisha mahindi mengi kwa mpigo, mlio wake unabadilika, kasi inapungua, na msagishaji anajua apunguze mkono. Servo haina tabia hiyo. Nyuma ya ekseli yake kuna enkoda, jicho linalohesabu mzunguko kwa vipande vidogo sana. Amplifaya inapokea amri kwamba ekseli iwe mahali fulani kwa wakati fulani, inasoma enkoda, inalinganisha, na tofauti ikionekana inaongeza mkondo hadi tofauti iishe. Inafanya hivyo maelfu ya mara kwa sekunde.

Matokeo yake ni usahihi wa ajabu: chupa ya kwanza na ya mia tano zinajaa sawa. Lakini tazama kinachotokea kokwa la mchikichi likipenya chujio na kubana meno ya pampu. Ekseli imesimama, amri inaendelea kusonga mbele, tofauti inakua, na amplifaya inafanya kile ilichoumbwa kufanya: inaongeza mkondo. Kadiri kizuizi kinavyokaza, nayo inakaza. Servo hujibu ukaidi kwa nguvu zaidi, na haina namna yoyote ya kujua kwamba safari hii nguvu ndiyo itakayoleta hasara. Kikomo cha mkondo ni mahali pekee ambapo binadamu ameiambia mapema: hapa, simama.

Mvuke ulijua kusimama

Wazo la servo ni la zamani kuliko mota ya umeme inayobeba jina hilo viwandani, na lilianzia majini. Katika karne ya 19 meli zilikua kupita nguvu za mabaharia. Usukani wa meli kubwa ulihitaji kundi la wanaume kwenye gurudumu, na baharini pakichafuka hata kundi hilo lilizidiwa. Miaka ya 1860 mhandisi John McFarlane Gray aliifungia meli ya Great Eastern mashine ya mvuke ya kugeuzia usukani: nahodha akizungusha gurudumu dogo, mvuke unafunguliwa, usukani unageuka, na ukifika alipotaka mashine inajifungia mvuke yenyewe. Ufaransa, Joseph Farcot alitengeneza mashine za aina hiyo na mwaka 1873 akachapisha kitabu alichokiita kwa jina la servo-moteur, yaani mota mtumishi.

Watu wa Kigoma wana mfano wa mvuke karibu na mlango. Meli tunayoiita MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Kigoma, ikaungwa upya ufukweni na kuingizwa majini mwezi Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, baada ya mafundi kuzipaka injini zake grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini 1927, na mvuke uliendelea kuisukuma mpaka ilipofungwa injini za dizeli miaka ya 1970.

Sasa linganisha mvuke na umeme pale kazi inapokwama. Nguvu ya pistoni ya mvuke ni shinikizo mara eneo la pistoni. Shinikizo halizidi kile kinachoruhusiwa na vali ya usalama juu ya boila, kwa hiyo nguvu nayo haizidi. Mzigo ukikataa kusogea, pistoni inasukuma kwa nguvu yake yote na kusimama hapo. Inaweza kusimama muda mrefu bila kujidhuru, kwa sababu kusukuma bila kusogea hakuilazimishi kutumia nishati kubwa. Mashine za mvuke zilibeba kikomo ndani ya maumbile yake.

Mota ya umeme ni kinyume kabisa. Inapozunguka, sumaku na koili zake huzalisha volti yao wenyewe inayopingana na ile inayoletwa na amplifaya. Volti hiyo pinzani ndiyo inayouzuia mkondo usipande. Ekseli ikisimama, volti pinzani inatoweka, na kinachobaki kuuzuia mkondo ni ukinzani wa waya wa shaba peke yake, ambao ni mdogo sana. Kwa hiyo mota ya umeme hupata mkondo mkubwa kuliko wote pale pale inapokuwa haifanyi kazi yoyote, na nishati yote inageuka joto. Ndiyo maana kikomo ambacho mvuke ulizaliwa nacho, servo lazima iwekewe.

Hesabu ya mawese

Tuchore mashine moja na tuipige hesabu. Mkoa wa Kigoma ndiko nyumbani kwa mchikichi nchini Tanzania. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikisambaza miche ya aina ya Tenera, yenye nyama nyingi na kokwa la ganda jembamba, na mafuta yakiongezeka viwanda vidogo vitahitaji kuyafungasha kwa vipimo vinavyoaminika. Mashine yetu ina pampu ya gia, giaboksi inayopunguza kasi mara 5, na mota ya servo ya volti 48 inayolishwa na betri za sola. Karatasi ya mota inasema: mkondo wa kudumu ampea 8, mkondo wa muda mfupi ampea 24, ukinzani wa koili omu 0.4, na kila ampea moja inatoa msokoto wa nyutoni-mita 0.12.

Kwanza tazama hatari. Mota ikikwama na amplifaya ikaiachia volti zote 48, mkondo utakuwa 48 kugawa kwa 0.4, yaani ampea 120. Joto kwenye koili ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Kwa ampea 8 halali tunapata wati 25.6, kiasi ambacho mwili wa mota unaweza kukitoa nje saa nzima. Kwa ampea 24 ni wati 230. Kwa ampea 120 ni wati 5,760, joto la pasi tano za umeme likiwa limefungiwa ndani ya kitu unachokishika kwa mkono mmoja. Mkondo umepanda mara 15 lakini joto limepanda mara 225. Huo mraba ndio siri ya sura hii. Fundi anayefikiri kwamba kuongeza mkondo kwa nusu kunaongeza joto kwa nusu atashangaa: kunaliongeza zaidi ya mara mbili.

Sasa kazi yenyewe. Mchana, mafuta yakiwa laini, pampu inahitaji msokoto wa nyutoni-mita 2.4 ili izunguke. Giaboksi inagawa kwa 5, na tukikubali kwamba sehemu ya kumi inapotea kwenye msuguano, mota inatakiwa kutoa 0.53. Hiyo ni ampea 4.4. Asubuhi ya Julai pampu ileile inataka 3.9, na mota inapanda hadi ampea 7.2. Juu ya hapo kuna gharama ya kuanza. Kila chupa inaanza pampu ikiwa imesimama, na tunataka mota ifike mizunguko 1,500 kwa dakika ndani ya sekunde 0.08. Kuusukuma uzito wa vyuma vinavyozunguka kwa haraka hiyo kunataka ampea nyingine 6.5. Jumla, kwa chupa ngumu kuliko zote tunazokubali kuzijaza, ni ampea 13.7.

Hiyo ndiyo sakafu. Ukiweka kikomo chini yake, mashine itagoma kila asubuhi. Dari nayo inatafutwa kwa kuuliza nani atavunjika kwanza. Amplifaya, tuseme, inaweza ampea 30. Mota inavumilia 24 kwa muda mfupi. Giaboksi inaruhusu nyutoni-mita 12 upande wa kutokea, ambazo mota inazifikisha ikipewa ampea 22. Ekseli ya pampu ndiyo dhaifu kuliko wote: mtengenezaji wake hataki izidi 10, sawa na ampea 18.5. Basi dari si 30, wala 24, wala 22. Dari ni 18.5, kwa sababu ndiyo ya aliye mnyonge katika msafara. Kati ya sakafu ya 13.7 na dari ya 18.5 tunachagua 16, tukiacha nafasi pande zote mbili.

Ona kilichotokea: namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye amplifaya haikuingia kwenye uamuzi hata kidogo. Ilihitajika kujua tu kwamba inatosha.

Vikomo viwili na saa moja

Lakini ampea 16 si ruhusa ya kudumu. Ni mara mbili ya mkondo ambao koili inaweza kuubeba siku nzima, na joto lake ni mara nne. Ndiyo maana amplifaya nyingi za servo zina namba tatu badala ya moja: mkondo wa kilele, muda wa kilele, na mkondo wa kudumu. Kilele kinatumika kuanzisha na kusimamisha. Muda wake ukipita, amplifaya inajirudisha yenyewe kwenye mkondo wa kudumu.

Namba tatu zinahitajika kwa sababu kila sehemu ya mashine ina saa yake. Transista za amplifaya ni vipande vidogo sana vya silikoni, na zinaweza kufa ndani ya milisekunde. Kwa kawaida mtengenezaji ameshazilinda kwa njia ambayo fundi hawezi kuigusa. Koili ya mota inapasha joto kwa sekunde na makumi ya sekunde. Mwili wa mota, chuma kizito chenye mapezi, unachukua makumi ya dakika kufikia joto lake la mwisho. Meno ya gia na ekseli hayana saa: yakizidishiwa msokoto mara moja tu, yamekatika. Hivyo kilele kinachaguliwa kwa ajili ya vyuma, na mkondo wa kudumu unachaguliwa kwa ajili ya shaba.

Kwa mashine yetu, kila chupa inachukua sekunde 3.5: kuanza 0.08, kujaza 2, kusimama 0.08, na muda uliobaki mota imetulia ikisubiri chupa nyingine. Kwa kuwa joto linafuata mraba, wastani unaofaa si ule wa kawaida. Tunachukua mraba wa kila mkondo, tunazidisha kwa muda wake, tunajumlisha, tunagawa kwa sekunde 3.5, kisha tunatafuta kipeuo cha pili. Tunapata ampea 5.8 katika asubuhi ngumu. Ni chini ya 8, kwa hiyo mota haitaungua hata ikifanya kazi mpaka adhuhuri. Mkondo wa kudumu tunauweka 7.5, juu kidogo ya 7.2 inayotumika wakati wa kujaza, na muda wa kilele nusu sekunde, ambao ni mara sita ya ule unaohitajika kuanza.

Sasa rudi kwenye kokwa lililobana pampu. Mkondo unaruka hadi 16 na kukaa hapo. Ekseli ya pampu inakazwa lakini haikatiki. Nusu sekunde inapita, mkondo unashuka hadi 7.5, pampu imesimama, na tofauti kati ya amri na enkoda imekua kupita kiasi kilichoruhusiwa. Amplifaya inazima na kuwasha taa ya hitilafu. Opareta anafungua chujio, anatoa kokwa, kazi inaendelea. Hakuna kipuri cha kuagiza Dar es Salaam.

Kuna mwathirika mwingine wa kilele kilichozidi, naye hufa kimya: sumaku. Mota za kisasa zina sumaku za kudumu, na mkondo mkubwa mno unaweza kuzipunguzia nguvu moja kwa moja. Sumaku za neodimiamu huwa hatarini zaidi zikiwa zimepata joto. Za feraiti, zikiwa baridi. Mota iliyopoteza sehemu ya usumaku haitoi moshi wala harufu. Inazunguka vizuri, ila kila ampea sasa inatoa msokoto kidogo kuliko zamani, kwa hiyo inadai ampea zaidi kwa kazi ileile na kupata joto zaidi. Ukinunua mota ya mtumba inayokula mkondo kuliko karatasi yake inavyosema, na beringi zake ni nzima, mshuku mtu aliyekutangulia na bisibisi yake.

Mita inapokupoteza

Mafundi wengi wana mita ya kubana waya, na ni chombo kizuri ukijua umeibana wapi. Ukiibana kwenye waya unaotoka betri kwenda kwenye amplifaya, hupimi mkondo wa mota. Amplifaya ya kisasa hukata umeme kwa haraka sana ili kutengeneza volti ndogo kutoka kubwa, na inapopunguza volti mkondo wa upande wa mota unakuwa mkubwa kuliko ule wa upande wa betri. Turudi kwenye mota iliyokwama kwa ampea 7.5. Kupitisha ampea hizo kwenye omu 0.4 kunahitaji volti 3 tu, sawa na wati 22.5. Upande wa betri wa volti 48, wati hizo ni karibu nusu ampea, ukiongeza kidogo kwa matumizi ya amplifaya yenyewe. Mota imebeba ampea saba na nusu, mita inaonyesha nusu.

Kutoka hapa tunapata funzo la fyuzi. Wapo wanaoona hawana haja ya kuhangaika na kikomo kwa sababu wameweka fyuzi ya ampea 10 kwenye betri. Fyuzi hiyo inalinda nyaya na kuzuia moto amplifaya ikipata shoti. Mota iliyokwama hata haiioni. Vivyo hivyo breka iliyo kwenye ubao wa umeme ukutani.

Mtego wa pili uko kwenye karatasi. Mkondo wa mota za umeme geu unaweza kuandikwa kwa thamani yake ya wastani wa joto, au kwa kimo cha juu cha wimbi, na cha pili ni mara 1.41 ya cha kwanza. Mota ya ampea 8 kwa kipimo kimoja ni ya ampea 11.3 kwa kingine. Ikiwa karatasi ya mota inasema 11.3 ikimaanisha kimo cha wimbi, na wewe ukaiandika kwenye amplifaya inayohesabu kwa njia ya kwanza, umeshaongeza joto mara mbili kabla mashine haijajaza chupa. Ukikosea upande wa pili, mota itakuwa dhaifu na utalaumu pampu. Kabla ya kuandika namba, hakikisha karatasi zote mbili zinazungumza kipimo kimoja.

Hali ya mahali

Watengenezaji wengi wa amplifaya huhesabu uwezo wao kwa kimo kisichozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa nyembamba hupoza vibaya. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 770 hivi, kwa hiyo mashine iliyofungwa Ujiji, Katonga au Kibirizi iko salama kwa upande huo. Ukiipandisha mashine ileile Kasulu au milima ya Buhigwe, unavuka mstari, na mkondo wa kudumu wa amplifaya unapaswa kupunguzwa kidogo kidogo kadiri unavyopanda, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Huko pia asubuhi ni baridi zaidi na mawese ni mazito zaidi, maana yake sakafu inapanda huku dari ya amplifaya ikishuka.

Joto la kwenye sanduku ni jambo jingine. Sanduku la bati lililofungwa kuzuia vumbi, likiwa limepigwa na jua la Septemba, linaweza kuwa na joto kubwa kuliko lile ambalo mtengenezaji alilifikiria. Kivuli na tundu la hewa lenye chujio mara nyingi ni tiba bora kuliko kununua amplifaya kubwa.

Na upo umeme wenyewe. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulipata umeme kutoka mitambo ya dizeli ya TANESCO iliyosimama peke yake, nje ya gridi ya taifa. Mkoa ulianza kuunganishwa na gridi mwaka 2022. Iwe ni gridi, jenereta au betri, volti ikishuka servo inaweza kushindwa bila kikomo cha mkondo kuhusika. Tuseme mwenye mashine anataka kuongeza uzalishaji na kuzungusha mota kwa mizunguko 3,000 badala ya 1,500. Volti pinzani sasa ni karibu 38. Kuongeza mkondo wa 13.7 juu yake kunahitaji volti nyingine 5.5, jumla zaidi ya 43. Betri zikiwa zimeshuka hadi 44 hakuna nafasi iliyobaki. Mota itachelewa, taa ya hitilafu itawaka, na mtu atapandisha kikomo bila faida yoyote, kwa sababu ampea alizoziruhusu hazina volti ya kuzisukuma.

Kuweka na kujaribu

"Fundi, imegoma tena," kijana wa karakana atasema. "Niongeze?"

"Uongeze nini, na hujapima?"

Jibu hilo la fundi mkuu ndilo utaratibu wote. Baada ya hesabu, kikomo kinaanza chini, karibu theluthi ya thamani iliyokusudiwa, mota ikiwa haijaunganishwa na pampu. Hapo unathibitisha kwamba inazunguka upande sahihi na enkoda inasomeka, kwa kuwa enkoda iliyofungwa kinyume huifanya servo ikimbie ovyo kwa nguvu yote iliyoruhusiwa. Kisha unaunganisha pampu na kupandisha hatua kwa hatua huku ukisoma mkondo wa mota kwenye programu ya amplifaya yenyewe. Mashine ikifanya kazi, linganisha na hesabu. Ukipata ampea 9 mahali uliposubiri 4.4, usiongeze kikomo. Tafuta kwanza beringi iliyokauka, kapulingi iliyofungwa mshazari au chujio lililoziba.

Halafu jaribu kukwama kwa makusudi. Zima, funga ekseli kwa nyenzo imara, weka watu mbali, washa kwa amri ndogo, na uone mkondo unafika 16, unashuka baada ya nusu sekunde, na mashine inajizima. Kikomo ambacho hakijajaribiwa ni matumaini tu. Jaribio la mwisho halifanyiki mchana: iache mashine ilale na mafuta yake, rudi alfajiri, iwashe kabla jua halijafika. Ikipita hapo bila kugusa kikomo, acha ifanye kazi saa nzima na upime joto la mwili wa mota.

Namba zikishapatikana ziandikwe ndani ya mlango wa sanduku kwa wino usiofutika: kilele, muda, mkondo wa kudumu, tarehe, na sababu ya kila moja. Sababu ni muhimu kuliko namba. Atakayekuja baadaye akikuta "16" peke yake ataiona kama uoga wa fundi aliyetangulia, hasa akiona amplifaya inaweza 30. Akikuta "16, kwa sababu ekseli ya pampu haivuki 18.5" atajua swali la kuuliza. Pampu ikibadilishwa na yenye ekseli nene, dari inapanda. Chupa zikiwa za lita tano, mota inafanya kazi muda mrefu na kupumzika kidogo, wastani wa joto unapanda hata kama kilele hakijaguswa. Mafuta yakiwa yamesafishwa na kuchujwa mpaka hayagandi, sakafu inashuka, na kikomo kinaweza kushushwa ili kokwa likamatwe mapema zaidi. Kila badiliko la kazi ni hesabu mpya, na inachukua nusu saa kwa kalamu na karatasi, muda mfupi kuliko wa kufungua mota moja na kuisuka upya.